Maswali ya Wasomaji: Meza ya Kikorea, Seoul na Kwetu

Toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kuhusu migahawa ya Kikorea ya hadhi ya juu inayoandaa mlo wa vionjo. Mgeni hachagui chakula. Mpishi ndiye anayepanga sahani ndogo ndogo, 8 hadi 14, zinaletwa moja baada ya nyingine, na bei ni moja kwa wote. Barua zimekuja kutoka Mbozi hadi Mafinga. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

Shikamooni wahariri. Mimi ni katibu wa ushirika wa kahawa. Wanunuzi wametualika Seoul, na ratiba inaonyesha jioni moja tutakula mlo wa sahani 12. Mwenyekiti wetu ni mzee wa miaka 70 na ameshaniuliza mara mbili kama huko watu hushiba. Nimwandaeje? – Katibu, Mbozi

Marahaba katibu. Mwambie mzee atashiba, ila shibe inachelewa. Mlo huu huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na wali huja karibu na mwisho, wakati sisi tumezoea kuukuta mezani tangu mwanzo. Anayefika na njaa kali ataona sahani nne za kwanza kama dhihaka. Aliyekula mchana hadi kuvimbiwa atashindwa kumaliza nyama. Mchana wa siku hiyo kuleni chakula chepesi, na mtoke na njaa ya kawaida.

Mpangilio hutofautiana, lakini mara nyingi huanza na vitu vitatu au vinne vya tonge moja: jani la mwani lililokaushwa likiwa na samaki juu, kikombe kidogo cha supu, pengine kipande cha mboga iliyochachushwa. Halafu uji mwepesi wa mchele au sahani ya baridi, na hapo ndipo samaki mbichi au nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba inaweza kutokea. Zinafuata mboga, samaki wa mvuke au wa kuchoma, kisha nyama, ambayo kwa kawaida ni ng'ombe wa Kikorea aitwaye hanwoo, mwenye mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu. Baada ya nyama unakuja wali pamoja na supu, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili) na vitoweo vidogo vya pembeni. Kitamu na chai hufunga meza.

Kama mzee hali kitu kibichi, hilo lisemwe mapema, siku mbili au tatu kabla, kupitia wenyeji wenu. Msisubiri hadi sahani ifike. Jiko la namna hii hununua samaki kwa hesabu ya viti na huanza kazi asubuhi. Ukisema mezani watakubadilishia, lakini utapewa kitu kilichopatikana, wakati ungeweza kupewa kitu kilichofikiriwa.

Jambo moja ambalo wageni hawaambiwi: ukitaka kwenda msalani, nenda mara sahani zinapoondolewa, na umwambie mhudumu. Jiko hupakua kwa meza nzima kwa wakati mmoja. Kiti kimoja kikiwa kitupu, sahani za wenzako zinasimama au zinapoa, na samaki wa mvuke akikaa dakika tano anakauka. Kwa sababu hiyo hiyo, piga picha haraka kisha ule.

Na huyo mzee apewe kazi moja ya kufurahia: kila sahani inapoletwa, aulize ni mchuzi gani umetumika. Msingi wa upishi wa Kikorea ni vitu vitatu vya soya iliyochachushwa: ganjangi, ambayo ni soya sosi, doenjangi, ambayo ni rojo nzito ya chumvi, na gochujangi, rojo nyekundu ya pilipili yenye utamu. Zote kwa pamoja huitwa jangi (kwa Kikorea, jang). Mpishi anayejiheshimu anajua umri wa kila chungu chake, na wengine huweka ganjangi ya mwaka mmoja, mitano na zaidi ya kumi, kila moja na kazi yake. Sehemu kubwa ya pesa inayolipwa ni ya muda huo. Asiyeuliza atatoka akikumbuka sahani nzuri tu.

Je, adabu ya meza ikoje? Nasikia vijiti vyao ni vya chuma. – Msomaji, Tukuyu

Ni vya chuma, vyembamba na bapa, na vinateleza kuliko vya mti. Jizoeze nyumbani kwa maharage makavu: kijiti cha chini hakitembei kabisa, kinalala kwenye bonde la dole gumba na kuegemea kidole cha pete, kijiti cha juu ndicho kinachocheza, kikishikwa kama kalamu. Wengi hushindwa kwa sababu wanavishika karibu mno na ncha. Shika juu ya katikati.

Wakorea hutumia kijiko pia, jambo linalomrahisishia sana mgeni. Wali na supu ni vya kijiko, vitoweo ni vya vijiti. Usishike vyote viwili mkononi kwa pamoja, usiinue bakuli la wali kutoka mezani, na usichomeke vijiti wima ndani ya wali, kwani hivyo ndivyo inavyofanywa kwenye ibada za wafu.

Mengine hayatakupa shida mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Mkubwa ndiye anayeanza kula. Kitu kinapokelewa kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, jinsi ulivyofundishwa kwenu kumpa mzee kitu. Kinywaji hujimiminii: unammiminia jirani, naye anakumiminia wewe, na glasi haiongezwi kabla haijaisha. Ukinywa mbele ya mtu mzima, geuza uso pembeni kidogo.

Assalaam alaykum. Nimepata mafunzo ya miezi mitatu Seoul. Sili nguruwe na sinywi pombe. Naweza kwenda kwenye mgahawa wa aina hii, au nisahau? – Dada, Iringa

Waalaykumu salaam dada yetu. Unaweza, ila kwa masharti unayopaswa kuyajua bila kufichwa. Kuepuka nguruwe ni rahisi, kwa sababu kwenye mlo wa hadhi nyama kuu kwa kawaida huwa ng'ombe. Ugumu uko sehemu tatu. Kwanza, ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa njia ya halali, kwa hiyo omba samaki na mboga tupu. Pili, wapishi hutumia divai ya mchele kuondoa shombo ya samaki na nyama. Sema wazi kwamba hutaki pombe ndani ya chakula, wasidhani unazungumzia glasi peke yake. Tatu, gochujangi nyingi za kiwandani huongezwa pombe kidogo ili zisiendelee kuchacha, na jangi yoyote iliyochachuka kiasili inaweza kuwa na chembe zake. Hilo la mwisho ulipime na mwanachuoni unayemwamini kabla hujasafiri.

Andika haya yote wakati wa kuweka nafasi. Ukiwa barabarani kwenye migahawa midogo, sentensi mbili zitakusaidia: "Dwaejigogi-reul mot meogeoyo", kwamba huwezi kula nguruwe, na "Sul-eul mot masyeoyo", kwamba huwezi kunywa pombe.

Ukitaka utulivu zaidi, tafuta chakula cha mahekalu ya Kibudha. Hakina nyama wala samaki, na pia hakina vitunguu, vitunguu saumu wala jamii yake. Mgahawa wa Balwoo Gongyang ulioko Seoul unaendeshwa na shirika la Kibudha la Jogye na hutoa mlo kamili wa namna hiyo. Hata hapo uliza kuhusu divai ya kupikia.

Vinywaji usivihurumie. Migahawa mingi sasa ina mfuatano wa vinywaji visivyo na kilevi: chai za kijani, maji ya matunda mekundu ya omija yenye uchachu, sikhye ya mchele na kimea. Kwa maoni yetu vinaendana na jangi kuliko divai ya zabibu, ambayo ladha nzito ya soya iliyochachuka huifanya iwe kali mdomoni.

Kwa wenye mzio: kimchi ya kawaida ina kamba wadogo au dagaa waliotiwa chumvi, hata kama unaona kabichi tu. Soya sosi ya kiwandani huwa na ngano; ile ya kienyeji ya Kikorea ni soya, chumvi na maji. Mwenye mzio wa soya yenyewe, ukweli ni kwamba mlo huu haumfai.

Bei ni kiasi gani, na nyota zinazosemwa zina maana gani? – Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya

Chakula cha jioni kwenye migahawa ya juu kabisa ya Seoul huanzia karibu won 200,000 na kuvuka 300,000 kwa mtu, bila vinywaji. Won 300,000 ni kama shilingi laki tano za Tanzania. Mchana, pale wanapofungua, bei hushuka sana na jiko ni lile lile. Kwa anayejilipia mwenyewe tungemshauri mchana bila kusita. Bei iliyoandikwa kwa kawaida imeshajumuisha kodi, na bahashishi haitolewi Korea. Kwenye migahawa ya Kikorea iliyoko Marekani ni tofauti: uliza kama malipo ya huduma yamo.

Nafasi huwekwa kwa programu ya simu, na inayotumika zaidi Korea ni CatchTable. Nafasi hufunguliwa kwa mwezi na huisha haraka. Unalipa amana, na usipotokea inapotea. Kadi nyingi za benki zetu hukataa malipo haya si kwa kukosa salio, bali kwa sababu manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi hayajafunguliwa au kiwango cha siku ni kidogo. Pita benki kabla.

Nyota hutolewa na kitabu cha Michelin kinachopima ubora wa migahawa, moja hadi tatu, na hupitiwa kila mwaka. Toleo la kwanza la Seoul lilikuwa la 2017, na migahawa miwili ikapata nyota tatu: Gaon na La Yeon. Gaon umeshafungwa. Mingles wa mpishi Kang Mingoo, uliofunguliwa 2014, ulipanda hadi nyota tatu 2025. Kitamu chake kinachojulikana kinatumia jangi zote tatu pamoja na barafu ya vanila, na huo ndio ushahidi mzuri wa tulichomwambia katibu wa Mbozi. Jungsik ulianza Seoul 2009 ukafungua tawi New York 2011, na tawi hilo likapata nyota tatu mwishoni mwa 2024. Atomix, pia wa New York, ulifunguliwa 2018. Nyota hupanda na kushuka, kwa hiyo angalia toleo la mwaka unaosafiri.

Kamwene wahariri. Napika kwenye hoteli hapa mjini. Kuna wageni 12 wanaotaka jioni ya Kikorea ya sahani saba. Nina majiko manne, oveni moja, na viungo vya sokoni. Naanzia wapi? – Mpishi, Iringa

Kamwene mpishi. Anzia kwenye michuzi. Agiza Dar es Salaam doenjangi nusu kilo, gochujangi nusu kilo, soya sosi lita moja, mafuta ya ufuta na mwani mkavu. Ukiwa na hivyo vitano, mengine yote yapo Nyanda za Juu. Ukivikosa, hata sahani za bei mbaya hazitakuokoa.

Panga sahani ili mbili tu ndizo zihitaji moto wakati wageni wameketi. Huu hapa mpango unaofanya kazi. Supu ya kikombe, mililita 60 kwa mtu. Uji wa mchele na uyoga, mililita 80. Parachichi la Njombe lililokatwa, likiwa na soya sosi, mafuta ya ufuta na mwani uliovunjwavunjwa. Samaki wa Ziwa Nyasa wa mvuke, gramu 50 za mnofu. Mbavu za ng'ombe, gramu 70 bila mfupa. Wali na kimchi na mboga mbili. Mwisho kinywaji baridi cha tangawizi na mdalasini, na kipande cha tunda. Samaki na wali ndivyo vya dakika za mwisho. Vingine vyote vinamalizika kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Supu: Wakorea hutumia dagaa wa baharini waliokaushwa. Usipa wakavu wa Kyela wanafanya kazi hiyo vizuri. Toa vichwa na matumbo, maana uchungu unakaa humo. Kaanga bila mafuta dakika mbili kuondoa shombo. Gramu 20 kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 15 na si zaidi, chuja. Koroga vijiko viwili vya doenjangi. Rojo hii, tofauti na ya Kijapani, haiharibiki kwa kuchemshwa, kwa hiyo iache itokote dakika kumi.

Uji: tumia chenga za mchele, zinatoa rojo haraka. Kipimo kimoja cha chenga zilizolowekwa saa moja kwa vipimo saba vya maji. Kaanga chenga kwanza kwa mafuta ya ufuta kidogo, kwa moto mdogo, kisha maji. Hapa ndipo pekee mafuta hayo yanapoingia mwanzo. Kwingine yote yatie mwishoni, kwa sababu moto unafukuza harufu yake.

Mbavu ndizo sahani kuu. Ng'ombe wetu wa kienyeji hana mafuta ya ndani kama hanwoo, kwa hiyo usimchome, atakuwa kamba. Mchemshe taratibu. Nunua kilo mbili na nusu zenye mfupa, loweka maji baridi saa moja kutoa damu, chemsha dakika tano, mwaga maji hayo, osha. Saga matofaa mawili ya Njombe, vitunguu maji viwili na gramu 60 za saumu. Ongeza soya sosi mililita 250, sukari gramu 80 na maji lita moja na robo. Pika kwa moto mdogo saa mbili na nusu. Iringa na Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na hiyo ndiyo sababu vipimo vya vitabuni vinakuangusha; kwa jiko la presha dakika 40 zinatosha. Usibadilishe tofaa kwa nanasi au papai bichi ukidhani unaongeza ulaini: vimeng'enya vyake vina nguvu, na nyama itageuka uji kwa nje huku ndani bado ngumu. Pika siku moja kabla, weka kwenye friji, asubuhi bandua mafuta yaliyoganda juu.

Kimchi iandaliwe siku nne au tano kabla. Kabichi ya kichina iliyofunga ni nadra sokoni, na chainizi ya majani inafaa ukibadilisha muda. Kabichi iliyofunga hukaa kwenye chumvi saa sita hadi nane. Chainizi, saa moja hadi moja na nusu tu, la sivyo inalegea. Kwa kilo mbili tumia gramu 200 za chumvi ya mawe, geuza kila nusu saa, na uache pale bua linapopinda bila kuvunjika. Osha mara tatu, chuja saa nzima. Rojo: vijiko viwili vya unga wa mchele vipikwe kwenye mililita 300 za maji, vipoe, saumu gramu 70, tangawizi gramu 10, mchuzi wa samaki mililita 60. Sasa pilipili, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Vitabu husema gramu 100 za pilipili ya Kikorea, ambayo si kali. Gramu 100 za pilipili yetu kavu zitawatoa wageni machozi. Chukua pilipili ndefu nyekundu, toa mbegu na nyuzi nyeupe za ndani, kausha, saga, tumia gramu 25, na rangi iongeze kwa paprika.

Pakia kwenye chupa pana, shindilia hadi majimaji yafunike, acha sentimita nne juu kwa ajili ya hewa inayofoka. Siku mbili jikoni, tatu ukiwa baridi ya Julai, halafu friji. Ikiteleza kama bamia, chumvi ilikuwa ndogo au joto lilikuwa kubwa, itupe, usiiokoe.

Wali: mchele wa Kyela haunati kama wa Kikorea. Usijaribu kuulazimisha kwa kuongeza maji, utapata bokoboko. Upike unavyojua na uupeleke mezani na harufu yake. Mgeni anayekuja Iringa anastahili kuunusa.

Kinywaji: tangawizi gramu 100 kwenye lita moja ya maji, mdalasini gramu 40 kwenye lita nyingine, sufuria mbili tofauti, dakika 40 kila moja. Zikichemshwa pamoja moja inaizima nyingine. Changanya, tia sukari gramu 150, ipoe kabisa.

Kati ya sahani na sahani acha dakika 15. Mmoja apike, mmoja apakue, mmoja apeleke. Na sahani za moto zipashwe kwenye oveni, kwa sababu jioni za Iringa hupoza chakula kabla hakijafika mlangoni.

Nalima soya. Je, naweza kutengeneza hiyo jangi hapa na kuuza? – Mkulima, Njombe

Kutengeneza unaweza; kuuza ni hatua nyingine. Soya hulowekwa usiku kucha, hupikwa hadi inapondeka kwa vidole viwili (Njombe hesabu saa sita, au tumia presha), hupondwa na kufinyangwa matofali ya kilo moja na nusu hivi yaitwayo meju. Hukaushwa siku chache, kisha hufungwa kwa mabua makavu ya mpunga na kuning'inizwa penye joto la wastani wiki nne hadi sita. Mabua si kamba tu: ndiyo yanayobeba bakteria wanaochachusha. Halafu matofali husuguliwa, huanikwa, na kuzamishwa kwenye maji ya chumvi, gramu 200 kwa lita. Yai likielea na kutokeza juu kwa ukubwa wa sarafu, chumvi imetosha. Baada ya siku 40 hadi 60 maji hutenganishwa, ndiyo ganjangi, na masalia hupondwa yawe doenjangi, ikae angalau miezi sita.

Baridi ya Njombe ndiyo adui wa hatua ya meju. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 15, bakteria wazuri wanalala na ukungu unatangulia. Vyungu vya Wakisi kutoka Matema ni vizuri kwa mengi, lakini havina rangi ya kuziba kama vyungu vya Kikorea viitwavyo onggi, hivyo vitavujisha maji ya chumvi. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula au chupa kubwa. Ukungu mweusi au wa kijani ukienea, tupa tofali zima. Na hata tofali safi kwa macho linaweza kuwa na sumukuvu, isiyoonekana wala kunuswa. Kwa hiyo usiuze hata chupa moja kabla sampuli haijapimwa na shirika la viwango, TBS. Anza na kilo tano za soya.

Nataka kuwapelekea wenyeji wangu Seoul zawadi kutoka nyumbani. Chai ya Mufindi au parachichi? – Mwanafunzi, Mafinga

Chai, iliyofungwa kiwandani, robo kilo kwa kila familia. Itoe kwa mikono miwili mnaposalimiana, kabla ya kuketi mezani. Wakiiweka pembeni bila kuifungua, usivunjike moyo. Huko si ajabu zawadi kufunguliwa mgeni akishaondoka. Parachichi liache: matunda mabichi hayaruhusiwi kuingia na mizigo ya abiria bila kibali cha karantini, na nyama ni hivyo hivyo, hata ile kavu. Yatachukuliwa uwanja wa ndege wa Incheon, na usipoyatamka unaweza kutozwa faini.